Majaribio na Nyaraka: Kinachobaki Msanidi Akihama

Programu ya kompyuta huandikwa mara tatu, au ingepaswa kuandikwa mara tatu. Kwanza huandikwa msimbo, yaani maagizo yanayotekelezwa na mashine. Pili huandikwa majaribio ya kiotomatiki: msimbo mwingine unaoitumia programu, unaolinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa, na kutoa onyo majibu hayo yakitofautiana. Tatu huandikwa nyaraka, maelezo ya kusomwa na watu: namna ya kuisimika programu, namna ya kuitumia, jinsi ilivyojengwa ndani na kwa nini ilijengwa hivyo. Katika timu nyingi kazi ya kwanza hulipwa, ya pili huahirishwa, na ya tatu hufanywa usiku wa kuamkia makabidhiano. Desturi hiyo ina gharama popote duniani. Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, gharama hiyo huja mapema, kwa sababu katika mji huo aliyeandika programu mara nyingi hayupo tena siku inapoharibika.

Keshero ni mtaa wa magharibi mwa Goma, kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara iendayo Sake. Jina lake huandikwa pia Kyeshero, na hospitali ya mtaa huo imesaidiwa kwa miaka na Médecins Sans Frontières, hasa katika kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Programu zinazoendesha maisha ya mtaa kama huo si zile zinazotajwa magazetini. Ni daftari la kielektroniki la wakala wa M-Pesa au Airtel Money, orodha ya bidhaa ya duka la dawa, hesabu ya ada za shule inayopokea dola na franki, na fomu za kituo cha afya zinazotakiwa kufika kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo ambao wizara ya afya ya Kongo inautumia kwa takwimu zake za kitaifa. Nyingi kati ya programu ndogo za aina hii huandikwa na mtu mmoja au wawili, kwa malipo ya mara moja, bila mkataba wa matunzo.

Watu hao huhama. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye amri ya kuondoka iliwatawanya wakazi wa sehemu kubwa ya mji kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Umeme, maji na mtandao vilikatika, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Katika nyakati kama hizo msanidi mmoja hujikuta Kampala, mwingine Nairobi, mwingine hapatikani kwa simu. Programu hubaki kwenye kompyuta ya ofisi, ikifanya kazi, bila hata mtu mmoja mjini anayejua undani wake.

Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, aliliona tatizo hili mwaka 1985 bila vita wala volkano. Katika insha yake kuhusu upangaji programu kama ujenzi wa nadharia, alidai kwamba programu halisi si maandishi yaliyomo kwenye faili, bali ni uelewa uliomo vichwani mwa walioitengeneza: wanajua kila sehemu inahusu jambo gani la dunia halisi, na wanajua mabadiliko gani yataiharibu. Timu ikivunjika, alisema, programu hufa hata kama bado inaendeshwa kila siku, kwa kuwa hakuna tena awezaye kuibadilisha kwa busara. Naur hakuamini kwamba nyaraka zinaweza kuurithisha uelewa huo wote. Hapo alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Lakini kati ya kurithi kila kitu na kutorithi chochote kuna nafasi pana, na nafasi hiyo ndiyo uwanja wa majaribio na nyaraka zikifanya kazi pamoja.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu kukosekana kwa vyote viwili ni cha mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada na kampuni ya AECL. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine hiyo iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada mionzi iliyozidi kipimo mara nyingi, na angalau watatu walikufa kwa sababu hiyo. Nancy Leveson na Clark Turner, walioichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993, walieleza kwamba programu yake iliandikwa na mtu mmoja, ikiendelezwa kutoka mashine ya zamani zaidi. Kwamba mtu huyo aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 1986. Kwamba nyaraka za programu zilikuwa haba. Na kwamba sehemu moja moja za msimbo zilijaribiwa kidogo sana, majaribio mengi yakifanywa kwa mashine nzima. Kosa mojawapo lilikuwa dogo kiasi cha kutia huzuni. Kihesabio cha biti nane kiliongezwa moja kila mara, na kila kilipofika 256 kilirudi sifuri. Kwa programu ile sifuri ilimaanisha kwamba hakuna haja ya kukagua. Mhudumu akibonyeza kitufe wakati huohuo, ukaguzi wa usalama uliachwa. Kosa kama hilo halionekani kwa kuiwasha mashine mara kumi mbele ya mteja. Huonekana pale mtu anapoandika jaribio linalokizungusha kihesabio hicho mara mia tatu na kuuliza kila mara iwapo ukaguzi umefanyika.

Jaribio la kiotomatiki ni rahisi kueleweka kwa mfano wa karibu na kitanda cha mgonjwa. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi tatu. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa wastani. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani. Tuseme programu ya kituo cha afya inapokea kipimo na kurudisha rangi. Kuijaribu kwa milimita 90, 120 na 140 hakusaidii sana, kwani hata msimbo mbovu utapita. Makosa hukaa mipakani: aliyeandika alama ya «chini ya au sawa na» badala ya «chini ya» atamweka mtoto wa milimita 115 kamili kwenye nyekundu, na mtoto wa 125 kamili kwenye njano. Kwa hiyo majaribio yanayofaa ni ya 114, 115, 124 na 125. Yanaongezwa mengine ya vipimo visivyowezekana, kama 0 au 1,150, ambavyo programu inapaswa kuvikataa badala ya kuvipa rangi. Linaongezwa pia la mtoto wa miezi mitano, ambaye kipimo hiki hakimhusu.

Halafu linakuja jambo ambalo aliyejifunza upangaji kwa vitabu vya Marekani anaweza asilifikirie kabisa. Muuguzi wa Goma alisoma kwa Kifaransa, na katika desimali za Kifaransa huwekwa mkato, si nukta. Akipima kwa sentimita ataandika «11,4». Programu inaweza kukataa, inaweza kusoma 11, au inaweza kuuondoa mkato na kusoma 114, ambayo kwa bahati ni milimita sahihi lakini kwa njia isiyo sahihi. Ni lazima timu iamue mojawapo, na jaribio ndilo mahali pa kuuweka uamuzi huo ili atakayekuja asiubadilishe bila kujua.

Mfano huu unaonyesha pia mpaka wa kazi ya majaribio. Jaribio linasema 115. Halisemi kwa nini. Msanidi mgeni anayeikuta namba hiyo anaweza kukumbuka mwongozo wa zamani wenye milimita 110 na kudhani kwamba mtangulizi wake alikosea. Kumbe Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 na kuupandisha mpaka kutoka 110 hadi 115. Sentensi moja inayotaja tamko hilo, ikiwekwa kando ya namba kwenye msimbo, inamzuia msanidi mwenye nia njema asiwaache nje ya matibabu watoto wote walio kati ya vipimo hivyo viwili. Jaribio linalinda namba. Waraka unalinda sababu yake. Namba bila sababu siku moja itabadilishwa na mtu anayejiamini. Sababu bila jaribio itabaki imeandikwa vizuri huku msimbo ukifanya jambo jingine.

Mazingira ya Goma yana mitego mingine ya aina hiyo, na kila mmoja unastahili jaribio lake. Fedha ni wa kwanza. Mji unatumia dola na franki kwa pamoja, lakini senti za dola hazina sarafu sokoni: deni lenye senti hulipwa sehemu kwa noti za dola na kiasi kinachobaki kwa franki, kwa kiwango cha siku hiyo. Kompyuta nazo zina udhaifu wao. Namba za desimali za kawaida hazihifadhi 0.1 kwa ukamilifu, na lugha nyingi za upangaji zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa ankara moja tofauti hiyo haionekani. Mwisho wa muhula, kwa wanafunzi mia nane, kitabu cha mapato na sanduku la fedha haviwiani, na mhasibu ndiye anayeshukiwa. Dawa inayojulikana ni kuhifadhi fedha kwa namba nzima za kipimo kidogo kabisa, na kuandika majaribio yasiyojali namba fulani bali kanuni: sehemu ya dola na sehemu ya franki zikirudishwa katika sarafu moja lazima zilingane na deni, ndani ya kiwango cha kukadiria kilichokubaliwa; na malipo ya jana yasibadilike thamani eti kwa kuwa kiwango cha leo kimebadilika.

Saa ni mtego wa pili. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Goma iko saa mbili mbele. Mama akijifungua Goma saa sita na nusu usiku tarehe mosi, seva iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa inasoma saa tano na nusu usiku wa siku iliyotangulia. Mtoto huyo atahesabiwa katika mwezi uliopita. Hitilafu hii ni ngumu kuigundua kwa macho kwa sababu inatokea katika saa moja tu ya usiku. Jaribio linaweza kuiweka saa hiyo kila mara linapoendeshwa, hata iwe saa nne asubuhi.

Majina ni mtego wa tatu. Sera ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilileta jina la nyongeza; leo Mkongo wa kawaida ana jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo, na fomu iliyotengenezwa kwa sehemu mbili hulazimisha moja kuachwa au kubandikwa pasipo pake. Waliohamishwa na vita mara nyingi hawana cheti, na wengine hawajui tarehe ya kuzaliwa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa utakaozungumziwa chini, una sehemu maalumu ya kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya makadirio. Data ya majaribio iliyojaa watu wenye majina mawili na tarehe kamili hupima nchi ambayo haipo. Hili linafaa kusisitizwa, kwa kuwa ndilo kosa la kawaida kuliko yote: majaribio mengi, yote yakifaulu, yote kuhusu watu wa kubuni wasiofanana na yeyote anayesubiri kwenye benchi la zahanati.

Mtego wa nne ni mtandao unaokatika katikati ya kazi. Simu inatuma rekodi, seva inaipokea, lakini jibu la kuthibitisha halirudi. Simu inatuma tena. Je, sasa kuna mgonjwa mmoja au wawili, malipo moja au mawili? Jaribio lake ni fupi: tuma rekodi ileile mara mbili, kisha hesabu zilizohifadhiwa. Zikiwa mbili, programu haifai kwa Kivu hata kama inapendeza machoni.

Madhara ya kosa dogo la hesabu katika mfumo mkubwa yalionekana Kenya. Katika uchaguzi wa 4 Machi 2013, idadi ya kura zilizokataliwa iliyoonyeshwa kwenye skrini za kituo cha kitaifa cha kujumlishia, Bomas of Kenya, ilipita 300,000, na mjadala ukazuka wa kama kura hizo zihesabiwe katika kutafuta asilimia. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu rasmi ya mwisho ya kura zilizokataliwa ilikuwa 108,975. Uchaguzi uliotangulia, wa 2007, uliishia kwenye mauaji, na nchi ilikuwa ikizitazama namba hizo kwa hofu. Kosa la aina hii ndilo hasa linalonaswa na jaribio dogo kuliko yote: weka vituo vitatu vyenye kura 5, 0 na 12 zilizokataliwa, dai jumla ya 17.

Majaribio hutofautiana kwa upana wa kile yanachogusa. Ya kipande kimoja, kama lile la utepe, huendeshwa kwa maelfu katika sekunde chache. Ya muungano huangalia iwapo programu na hifadhidata yake zinaelewana. Ya mwisho hadi mwisho hufungua programu kama mtumiaji, hubonyeza vitufe na kusoma skrini. Ni ya polepole, na huvunjika kwa sababu ndogondogo. Kent Beck aliandika kifaa cha majaribio cha lugha ya Smalltalk, na pamoja na Erich Gamma wakatengeneza JUnit ya lugha ya Java mwaka 1997. Kutokana na hivyo vilizaliwa vifaa vya karibu kila lugha inayotumika leo, vingi vikiwa vya bure. Gharama iliyobaki ni ya muda na ya nidhamu.

Kwingineko majaribio huendeshwa na seva ya mbali kila msanidi anapopeleka mabadiliko. Utaratibu huo unategemea umeme, mtandao wa kudumu, na wakati mwingine kadi ya benki. Katika Goma ya 2025, yenye benki zilizofungwa, hayo matatu hayakuweza kudhaniwa kuwapo. Kinachofaa ni kugeuza mpangilio: majaribio yaendeshwe kwanza kwenye laptopu yenyewe, bila kugusa mtandao, na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ipangwe ikatae kuhifadhi mabadiliko yanayovunja jaribio. Seva ya mbali iwe ukaguzi wa pili mtandao unapopatikana. Masharti haya yana faida isiyotarajiwa. Majaribio yasiyohitaji mtandao huwa ya haraka na ya kutegemewa zaidi, na timu zenye mtandao mzuri huchukua miaka kujifunza hilo. Hali ni hiyohiyo kwa nyaraka: za lugha na maktaba zinaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao, na Kiwix, programu iliyoanzishwa 2007 kwa ajili ya kusoma Wikipedia nje ya mtandao, leo hubeba pia hazina kubwa za maswali na majibu ya wasanidi.

Majaribio yanaweza kufika mbali kiasi gani? SQLite, hifadhidata ndogo iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000 na iliyomo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa Goma, ina msimbo wa majaribio ambao kufikia mwaka 2023 ulikuwa karibu mara 590 ya msimbo wa hifadhidata yenyewe. Si kila programu inahitaji kiwango hicho. Inatosha kujua kwamba simu inayozimika ghafla kwa kuishiwa chaji haipotezi anwani za mwenyewe, na sababu mojawapo ni kwamba waandishi wa SQLite waliiga kuzimika huko tena na tena kabla ya kuitoa.

Hata hivyo, mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alikwisha kuonya mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kuthibitisha kuwapo kwa makosa, kamwe si kutokuwapo kwake. Aliyeielewa vibaya kanuni ya kipimo cha dawa ataandika msimbo mbaya na jaribio baya vinavyokubaliana kabisa. Asilimia ya msimbo uliopitiwa na majaribio, ambayo mameneja hupenda kuidai, hupima mistari iliyotekelezwa, si mistari iliyohojiwa. Inawezekana kufikia asilimia mia bila kudai chochote. Kinga ya maana ni kumhusisha anayejua kazi yenyewe. Vipo vifaa, Cucumber kikiwa kinachojulikana zaidi, vinavyoruhusu jaribio liandikwe kwa sentensi za kawaida, na maneno yake ya msingi yanapatikana kwa Kifaransa. Muuguzi mkuu anaweza kusoma kwamba mtoto wa miezi kumi mwenye milimita 114 anapaswa kulazwa iwapo ana dalili za hatari, akasema ndiyo au hapana. Wakati huo jaribio limekuwa waraka pia.

Nyaraka zenyewe ni za namna tofauti, na kuzichanganya huziharibu. Daniele Procida amezigawa katika makundi manne kulingana na haja ya msomaji: somo la anayeanza, maelekezo ya anayetaka kukamilisha kazi fulani, rejea ya anayetafuta jambo mahususi, na ufafanuzi wa anayetaka kuelewa. Ukurasa unaojaribu yote manne kwa pamoja humchosha kila mmoja wao. Muuza dawa wa Keshero anayetaka kufuta mauzo aliyoyaandika kimakosa hahitaji historia ya mfumo. Anahitaji hatua tano, kwa Kiswahili, zilizobandikwa ukutani karibu na kompyuta. Karatasi hiyo ni waraka halali, na mara nyingi ndiyo inayosomwa kuliko nyingine zote.

Suala la lugha lina uzito wa pekee hapa. Majina ndani ya msimbo huwa ya Kiingereza, ripoti za serikali ni za Kifaransa, na kazi yenyewe hufanyika kwa Kiswahili. Hakuna haja ya kulazimisha lugha moja. Mwongozo wa mtumiaji uandikwe kwa lugha anayoitumia kuuliza msaada. Rejea ya msanidi iandikwe kwa lugha ambayo timu inaisoma bila kujikwaa, na kwa Goma hiyo ni Kifaransa mara nyingi zaidi kuliko Kiingereza. DHIS2 nayo hutoa miongozo yake kwa Kifaransa. Kiingereza kibovu kilichoandikwa kwa heshima ya kimataifa hakimsaidii yeyote.

Kundi la nyaraka linalopuuzwa kuliko yote ni la sababu. Mwaka 2011 Michael Nygard alipendekeza kumbukumbu fupi za maamuzi: ukurasa mmoja kwa kila uamuzi mkubwa, ukieleza hali ilivyokuwa, kilichoamuliwa, na matokeo yanayokubaliwa. Hazifutwi; uamuzi ukibadilika huandikwa mpya unaotaja wa zamani. Kwa programu ya shule, kurasa tatu za namna hiyo zingeeleza kwa nini ada zinahifadhiwa kwa franki, kwa nini jina lina sehemu tatu, kwa nini mfumo haufanyi kazi kupitia mtandao. Aliyetawanywa na vita akiacha kurasa hizo tatu ameacha mengi zaidi kuliko aliyeacha mamia ya kurasa zilizotolewa na kifaa cha kiotomatiki kutoka kwenye msimbo.

Adui wa kila waraka ni kuzeeka. Msimbo hubadilika, maelezo hubaki, na msomaji akidanganywa mara moja haamini tena ukurasa wowote. Hapa majaribio yanalipa deni lao. Lugha ya Python ina kifaa cha tangu 2001, kilichoandikwa na Tim Peters, kinachosoma mifano iliyomo ndani ya maelezo, kuiendesha, na kulalamika jibu likitofautiana na lililoandikwa. Mfano wa utepe ukiwekwa humo, hauwezi kuzeeka kimyakimya. Kinachoweza kuthibitishwa na mashine kithibitishwe na mashine. Binadamu waachiwe kuandika lile ambalo mashine haiwezi kulikagua.

Kielelezo kizuri cha kanda hii ni OpenMRS. Ulianzishwa mwaka 2004 na watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health, kwa kuwa mfumo uliokuwa ukitumika tangu 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, uliojengwa juu ya Microsoft Access, usingebeba idadi ya wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakianza matibabu. Ulisimikwa Eldoret Februari 2006, na Rwinkwavu nchini Rwanda Agosti mwaka huohuo. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake, na wasanidi wa Uganda ni miongoni mwa wanaoushikilia msingi wake. Walioandika mistari ya kwanza wengi hawagusi tena msimbo huo. Umedumu kwa sababu kila badiliko hupita kwenye majaribio ya kiotomatiki na macho ya mtu wa pili kabla ya kuingizwa, na kwa sababu maarifa yake yamewekwa hadharani. Kijana wa chuo cha Goma anaweza kuupakua usiku, akaendesha majaribio yake, akavunja kitu makusudi na kuona ni jaribio gani linalolia. Hakuna darasa bora la kujifunza mfumo mkubwa.

Inabaki hali iliyo ya kawaida zaidi kuliko zote: programu iliyorithiwa bila jaribio hata moja na bila ukurasa mmoja. Kuiandika upya huvutia, na mara nyingi ni kosa, kwa kuwa msimbo wa zamani umehifadhi maamuzi ambayo hayapo popote pengine. Michael Feathers, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu msimbo wa namna hii, alipendekeza kuanza na majaribio ya kurekodi: programu inapewa pembejeo, jibu lake linachukuliwa jinsi lilivyo, hata likionekana la ajabu, na kuwekwa kama tarajio. Majaribio hayo hayasemi kwamba jibu ni sahihi. Yanasema hivi ndivyo ilivyokuwa. Kisha mtunza hazina wa shule au muuguzi anaulizwa kuhusu kila la ajabu, na anachosema kinaandikwa hapohapo.

Nyaraka za makabidhiano nazo zina jaribio lao, la kibinadamu. Mtu ambaye hakushiriki anapewa laptopu tupu na mwongozo, bila kuruhusiwa kupiga simu. Kila anapokwama ni sentensi inayokosekana. Orodha ya yanayokosekana hufanana karibu kila mahali: nywila ya seva imo kichwani mwa mtu mmoja, toleo la hifadhidata halikutajwa, na nakala ya akiba ipo ingawa haijawahi kurejeshwa. Hilo la mwisho litangulie mengine. Nakala irejeshwe kwenye mashine nyingine, wagonjwa au wanafunzi wahesabiwe, idadi ilinganishwe na ya mfumo unaotumika, na tarehe ya zoezi pamoja na jina la aliyelifanya viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Nakala moja ya mwongozo huo, iliyochapishwa kwenye karatasi, ihifadhiwe nje ya jengo lenye kompyuta.